Wa Kwanza Ahudumiwe; wa Mwisho Je?

Shule zinapokaribia kufunguliwa, mbao za matangazo katika ofisi zetu hujaa habari za basari na vyumba vya mabweni. Aghalabu chini yake huongezwa msemo wa Kiingereza, 'first come, first served', na mara nyingi huandikwa 'first serve', bila ile herufi ya mwisho. Wapo wanaoliona kosa hilo kuwa dogo. Mimi silioni hivyo. Herufi hiyo hufanya kazi ya kiambishi chetu -w- cha kauli ya kutendwa, kinachotenga hudumia na hudumiwa. Ikidondoka, anayewahi kufika ndiye anayegeuzwa mtumishi!

Hata hivyo, kosa la maana ni kubwa kuliko la sarufi. Wazo hili ni la kale, nalo lilizaliwa kinuni. Sachsenspiegel, kitabu cha sheria cha Wajerumani cha karne ya 13, kiliagiza kwamba atanguliaye kufika kinuni ndiye asage kwanza. Hadi leo Wajerumani husema hivyo hivyo, hata pasipo nafaka wala kinu. Katika karne ya 14, Mwingereza Geoffrey Chaucer naye alimtia mhusika wake, Mke wa Bath, usemi uo huo kinywani.

Aliyewahi kupanga debe lake la mahindi kwenye mashine ya posho ataelewa mara moja. Aliyetangulia hupunguziwa kungoja, basi. Wa mwisho naye husaga, ingawa jua limekwisha kutua.

Fomu za basari si kinu. Zikiwa hamsini na waombaji ni mia tatu, aishiye jirani na ofisi atapata, na mwanafunzi anayetegemea matatu moja kutoka kijijini atakosa, hata akiwa ndiye fukara zaidi. Hiyo si foleni tena bali ni mashindano ya mbio, na aliyeyaandaa hujiona ametenda haki. Wahenga wetu walikuwa wakweli zaidi waliposema kuwa mtangulia kisimani hunywa maji maenge. Hawakudai kwamba hiyo ni haki, nasi twajua bila kuambiwa ni maji gani atakayoyakuta aliyechelewa.

Kwa hivyo walimu wanapoufundisha msemo huu, wawaulize wanafunzi kama kinachogawiwa kitawatosha wote. Kikitosha, tangazo na liandikwe, ile herufi isisahaulike. Kisipotosha, ofisi itaje kigezo chake, kiwe ni uhitaji, alama au kura, pamoja na siku ya mwisho ya kupokea maombi, kisha fomu zote zisomwe kwa pamoja.