Gundi chupani, kilio moyoni

Barua tunayoijibu Jumapili hii imetoka Riruta, upande wa Satellite. Aliyeiandika ni mama wa watoto watatu, anayeuza mboga kando ya barabara ya Naivasha. Mwanawe wa pili ana umri wa miaka 13 na yuko Gredi ya 7. Kwa majuma kadhaa mama huyu alisikia harufu kali katika sweta ya shule ya kijana, akadhani ni rangi ya madirisha. Kisha akaikuta chupa ndogo ya plastiki chini ya godoro, ndani yake mna uji mzito wa manjano. Jirani aliyeitwa kuitazama hakuhitaji kuinusa mara mbili. Ilikuwa gundi ya viatu, ile ambayo vijana huiita gamu.

Mama anatuuliza mambo matatu. Ni kitu gani kilichomo ndani ya gundi hii kinachomlevya mtoto? Je, ubongo wake umekwisha kuharibika? Na la tatu, afanye nini: amchape, amfungie nyumbani, au ampeleke kwa mjombake Nyandarua akalishe ng'ombe?

Tuanze na chupa yenyewe, maana wazazi wengi huiogopa pasipo kuijua.

Gundi ya fundi wa viatu ni mpira ulioyeyushwa. Mpira huo ni katika jamii ya vitu ambavyo wanakemia huviita polima, yaani chembe ndogo ndogo zilizoungana mfululizo mithili ya shanga zilizotungwa katika uzi mrefu mno. Mjerumani Hermann Staudinger ndiye aliyeshikilia tangu mwaka wa 1920 kwamba nyuzi ndefu hivyo zipo kweli. Wakubwa wenzake wakamcheka. Mwaka wa 1953 akapewa tuzo ya Nobel. Uzi wa polima ni mzito, hauruki hewani. Ili fundi aweze kuupaka kwenye soli, kiwanda huuyeyusha kwanza katika kimiminiko chepesi, aghalabu toluini au heksani. Fundi akishapaka, hungoja dakika chache. Kimiminiko hupaa, nyuzi hubaki na kushikana, na kiatu kikawa kiatu tena.

Basi, mama, kinachoishikilia soli sicho kinachomlevya mwanao. Kinachomlevya ni kile kinachopaa. Ndiyo sababu chupa huwekwa chini ya pua au huning'inizwa kwa meno: joto la mwili na la mkono huzidi kuupandisha mvuke. Mvuke huingia mapafuni, hupita kwenye damu, na katika muda mfupi mno huwa umefika kichwani, kwa kuwa toluini hupenda mafuta na ubongo umejaa mafuta. Mtoto huhisi wepesi, hucheka ovyo, huona mambo yasiyokuwapo, njaa humtoka na baridi haisikii. Baada ya muda si mrefu yote huisha, naye huinua chupa tena.

Akiendelea kwa miezi na miaka, ule utando wa mafuta unaozifunika nyaya za ubongo huliwa. Kumbukumbu hupungua, mikono hutetemeka, mwendo huyumba. Toluini hudhuru figo pia, na heksani huua neva za miguu. Lakini mtoto aliyeanza juzi na akaachishwa mapema ana nafasi kubwa ya kurudia hali yake. Hilo ndilo jibu la swali la pili, nalo ni jibu la matumaini. Dalili za kuangalia ni harufu, vidonda au wekundu kando ya pua na midomo, madoa ya gundi kwenye mikono ya nguo, kukosa hamu ya chakula, na hasira za ghafla.

Kuna jambo moja hapa ambalo tungependa kila mzazi, kila mwalimu na kila askari wa kaunti alijue. Mvuke huu huufanya moyo uwe mwepesi kushtuka. Mtoto aliyelewa gundi akifukuzwa mbio au akiruka kwa hofu, mwili wake hutoa ile homoni ya woga, na moyo huweza kupoteza mapigo na kusimama papo hapo. Vifo vya namna hii vimeandikwa katika vitabu vya madaktari kwa zaidi ya nusu karne, na huweza kumpata hata anayenusa kwa mara ya kwanza. Kwa hivyo ukimfuma mwanao na chupa, usipige kelele, usimkimbize. Mketishe penye hewa safi, ongea polepole, iondoe chupa kwa upole. Akizirai, mlaze kwa ubavu na umkimbize hospitalini. Maneno mengine yatangoja hadi kesho.

Wako watakaouliza mbona wanasayansi wasitengeneze gundi isiyolevya. Walijaribu, tena zamani. Mwaka wa 1969 kampuni ya Testor ya Marekani ilianza kutia mafuta ya haradali katika gundi yake ya kuundia vigari vya kuchezea, ili anayeinusa awashwe pua. Gundi zinazoyeyushwa kwa maji nazo zipo. Ile nyeupe ya maseremala wa barabara ya Ngong haina toluini kabisa. Ila hukauka polepole, na fundi mwenye wateja watano kwenye foleni hana subira hiyo. Hata ikipatikana ya bei nafuu, mtoto anayetafuta kusahau hataishia kwenye gundi.

Tunalisema hili kwa kuwa utafiti umelionyesha. Huko Eldoret, watafiti wanaoshirikiana na Chuo Kikuu cha Moi waliwahoji watoto na vijana 146 wa mitaani, na matokeo yakachapishwa mwaka wa 2012. Asilimia 74 walikuwa wamewahi kutumia kileo cha namna fulani. Gundi ilishika nafasi ya kwanza, lakini pombe, sigara, miraa, bangi na hata petroli zilikuwamo. Sababu walizozitoa ni zile zile ambazo ungezisikia Kawangware: njaa, baridi, na kutaka kufanana na wenzao. Na wenzao si wachache. Hesabu ya serikali ya mwaka wa 2018 ilipata watu 46,639 wanaoishi mitaani nchini, na kati yao 15,337 walikuwa Nairobi.

Nairobi imelijaribu tatizo hili kwa njia nyingi. Polisi wamefanya misako kwa miaka na mikaka. Mwaka wa 2003 serikali iliwapeleka vijana wa mitaani katika Huduma ya Vijana kwa Taifa wakafunzwe kazi. Kabla ya hapo, mnamo 1973, padre Mholanzi Arnold Grol alikuwa ameanzisha Undugu Society, akiwafuata watoto wale wale walioelekeza magari mahali pa kuegesha ili wapate senti. Hakuwangoja ofisini, aliwaendea walikolala. Na hapo hapo Riruta, katika barabara ya Kabiria, jumuiya ya Koinonia ilifungua Kivuli mwaka wa 1997. Jina hilo limechaguliwa vyema, kwani mtu akichomwa na jua hahitaji mahubiri juu ya jua.

Sasa tulitazame swali la tatu, ambalo kwa maoni yetu ndilo zito kuliko yote.

Vyuo vyetu vinavyofundisha ushauri nasaha humtaja sana Mmarekani Carl Rogers, aliyezaliwa 1902 na kufariki 1987. Wanafunzi wengi hudhani alikuwa bwana wa ofisi yenye zulia na wateja matajiri. La hasha. Kwa miaka 12, tangu 1928, alifanya kazi katika mji wa Rochester, kwenye idara iliyowashughulikia watoto walioletwa na mahakama na mashirika ya ustawi wa jamii: wezi wadogo, watoro, waliopigwa, waliotelekezwa.

Huko, kama alivyoeleza mwenyewe baadaye, aliletewa mama mwenye mtoto mtundu kupindukia. Rogers aliona wazi kwamba mama huyo alimkataa mtoto tangu utotoni, akajitahidi kikao baada ya kikao kumwonyesha kosa hilo. Mama hakuona kitu. Mwishowe wakakubaliana kwamba wameshindwa, wakaagana. Mama alipofika mlangoni aligeuka, akauliza kama mahali hapo huwashauri watu wazima pia. Aliporudi kwenye kiti hakusema neno juu ya mtoto. Alimimina habari za ndoa yake iliyokuwa ikivunjika, na kukata tamaa kwake. Rogers akanyamaza akasikiliza. Vikao vikaendelea, mama akapata nafuu, na mtoto naye akatulia.

Kutokana na mambo kama hayo alijenga njia yake ya kumweka mtu mwenyewe katikati. Mwaka wa 1957 aliandika kwamba mshauri atahitaji hasa mambo matatu: awe mkweli, asijifanye, amkubali aliye mbele yake bila masharti, na ajitahidi kuhisi anayoyahisi mwenzake. Hapa kwetu, Amani Counselling Centre imekuwa ikitoa na kufundisha ushauri tangu 1979, na sheria ya washauri na wanasaikolojia ikapitishwa 2014.

Wazee wetu huenda wakasema kwamba huku ni kumdekeza mtoto. Lakini neno lenyewe shauri halikuwa amri ya mkubwa kwa mdogo. Kufanya shauri ni kuketi pamoja na kusikizana. Tumeligeuza sisi wenyewe, tukawa tunamwita mtoto tumshauri, kisha tunasema peke yetu kwa saa nzima.

Hata hivyo Rogers hatoshi peke yake. Mtoto mwenye njaa hasikilizwi akashiba. Kwanza sahani, kisha sikio. Na ada ya shule ikiwa ndiyo iliyomtoa darasani, hakuna usikivu utakaoilipa. Ndipo anapohitajika mtu wa ustawi wa jamii, anayejua mlango upi ubishwe.

Tutasema na neno la kando kuhusu maabara. Mpira wa neoprini, unaotumika sana katika gundi za viatu, ulipatikana mwaka wa 1930 katika kampuni ya DuPont, kwenye kikundi cha mkemia Wallace Carothers, ambaye ndiye pia aliyetupa nailoni. Bwana huyu alisumbuliwa kwa miaka mingi na ugonjwa wa huzuni, huo ambao siku hizi huitwa sonona, na mwaka wa 1937 akajitoa uhai akiwa na miaka 41. Alizijua nyuzi za polima kuliko takriban kila mtu wa zama zake.

Kwako, mama wa Riruta. Fimbo haifai, kwa sababu ya moyo tuliyokwisha kuieleza, na kwa kuwa mtoto anayenusa ili asahau utakuwa umemwongezea la kusahau. Nyandarua nako si dawa, hata Nyahururu kuna mafundi wa viatu. Mchukue kwanza katika kituo cha afya apimwe, ukaombe barua ya kumwona mshauri. Hospitali ya Mathari ina kitengo cha waraibu, wala usione haya kwenda huko. Kwa simu, 116 ni ya watoto na 1192 ni ya NACADA, zote bila malipo. Mtegemee kuwa mkali na kukosa usingizi siku za mwanzo.

Na jioni moja, baada ya chakula, muulize alianza lini na alikuwa na nani. Akinyamaza, nyamaza naye. Umetuandikia kwamba baba yake aliondoka mwezi wa Januari, ukaliandika hilo pembeni mwa karatasi, chini ya jina lako. Huenda kijana naye analo pembeni.