NYUMBA YETU: Taji la Maua Lisilonunuliwa

Wasomaji wapenzi, juma hili nawaomba tuweke kando sufuria na cherehani, tutoke nje mpaka kwenye ua wa nyumba, kwa maana huko ndiko viliko vifaa vya somo letu.

Mwaka jana, siku za Komunyo ya Kwanza zilipokaribia, mama mmoja jirani yangu hapa Busia alinibishia hodi jioni. Mkononi alishika karatasi yenye orodha ya mahitaji ya binti yake wa miaka tisa: gauni jeupe, viatu vyeupe, mshumaa, na taji la maua. Gauni alikwisha kuliazima kwa dada yake aliyeolewa ng'ambo ya mpaka. Viatu vilikuwapo, na mshumaa si ghali. Lilibaki taji. Dukani alikuwa ameonyeshwa taji la maua ya plastiki lililofungwa kwa waya, na bei yake ilikuwa sawa na chakula cha nyumba yake kwa siku nne.

"Mwalimu," aliniambia, "si taji linalonisumbua. Baba yake yuko Somalia. Mtoto akiingia kanisani kichwa kitupu kati ya wenzake, watu watasema ni kwa kuwa baba hayupo."

Wake wa askari wasomao ukurasa huu watamwelewa bila ya maelezo. Majeshi ya Uganda yaliingia Somalia mwezi Machi 2007, na ya Kenya mwezi Oktoba 2011. Tangu hapo nyumba nyingi za pande zote mbili za mpaka huu zimejifunza kufanya ubatizo, arusi na matanga huku mwenye nyumba yu mbali. Katika hali hiyo kitu kidogo kama taji huacha kuwa pambo tu. Huwa ni ushahidi kwamba nyumba ingali imesimama.

Nilimjibu, "Mama, weka fedha zako. Taji tutalisuka."

Kosa langu la kwanza

Kabla ya kuwafundisha wengine, sharti nikiri kosa langu. Katika chuo cha ualimu tulifundishwa kazi nyingi za mikono, kama vile kusuka mikeka, kufuma na kufinyanga, lakini hatukufundishwa maua. Taji langu la kwanza nilimtengenezea binti wa kaka yangu. Niliyachuma maua saa saba ya mchana, jua likiwa kali, nikayafunga kwa waya mtupu. Kabla ya Injili kusomwa maua yalikwisha kulegea kama mboga iliyochemshwa, na ncha ya waya ilikuwa imemchubua mtoto kwenye paji la uso. Aliniambia kwa sauti ya chini, "Shangazi, linaniuma." Yote nitakayoyaeleza hapa nimejifunza kwa sababu ya maneno yale mawili.

Heshima ya tangu zamani

Wako wasemao kwamba taji la maua ni jambo la kizungu. Hao hawajatazama vema. Jirani zetu Wakalenjin wana mtambaa uitwao sinendet, ambao tangu zamani huwavisha mashujaa wao, na siku hizi huwavisha wanariadha warudipo na ushindi. Katika matanga ya Wajaluo, waombolezaji hujifunga mtambaa uitwao bwombwe. Na huko pwani, Lamu na Mombasa, akina mama ni mabingwa wa kutunga maua: asumini, vilua na rehani.

Wayunani wa kale nao waliwavisha washindi wa michezo ya Olimpia taji la matawi ya mzeituni, si dhahabu. Michezo hiyo iliporudi Athens mwaka 2004, desturi ile ilifufuliwa. Wakenya watatu, Ezekiel Kemboi, Brimin Kipruto na Paul Kipsiele Koech, walioshika nafasi zote tatu katika mbio za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, walisimama jukwaani wakiwa na medali shingoni na majani kichwani. Mtu asione haya, basi, kumvisha mwanawe kitu kilichotoka uani.

Lugha yetu yenyewe inazo tofauti ambazo yafaa tuzihifadhi. Taji huvaliwa kichwani. Koja huvaliwa shingoni. Kikuba ni kifungu kidogo cha maua yanukiayo ambacho mwanamke hukichomeka nywelani au kifuani. Shada hushikwa mkononi au huwekwa juu ya kaburi. Kazi ya mkono hukaribiana katika hayo yote, na ajuaye kusuka taji hatashindwa na mengine.

Vifaa

Utahitaji uzi wa pamba au wa katani, kisu kikali au mkasi, ndoo ya maji, utepe wa kitambaa wenye urefu wa mkono mmoja, na kiini cha taji. Kiini ndicho kitu cha kuzungushia maua. Usitumie waya ikiwa waweza kuuepuka. Hapa kwetu migomba ni mingi: chukua kamba kavu za mgomba, ziloweke katika maji kwa robo saa zilainike, kisha sukeni tatu pamoja kama msusi asukavyo nywele. Wakaao karibu na mabwawa waweza kutumia maganda ya mafunjo, ambayo ni magumu wala hayachubui ngozi. Ikiwa huna budi kutumia waya, kunja ncha zake zirudi ndani na uuzungushie kitambaa wote mzima.

Pima kichwa cha mtoto kwa uzi, juu kidogo ya masikio. Kwa mtoto wa miaka minane au tisa kipimo huwa karibu sentimita 52. Ongeza upana wa vidole viwili, kwa maana maua na mashina yatachukua nafasi kwa ndani, na taji linalobana humwumiza mtoto kichwa kabla ibada haijafika katikati. Usiifunge duara bado. Acha ncha zote mbili wazi, na katika kila ncha fanya kitanzi kidogo cha kupitishia utepe. Hivyo taji litaweza kukazwa au kulegezwa.

Kuchuma

Chuma alfajiri, umande ungalipo, au jioni jua likisha kupoa. Mmea huwa na maji mengi saa hizo. Kata shina kwa mshazari, ondoa majani ya chini, na mara moja tia mashina ndani ya ndoo yenye maji, uiweke kivulini kwa muda wa saa tatu au zaidi. Hiyo ndiyo siri yote niliyoikosa mara ya kwanza: ua lisilokunywa kabla ya safari haliwezi kufika.

Kwa taji la mtoto chagua maua madogo. Waridi changa ni nzuri, lakini toa miiba yote kwa kisu. Bogonvilia nyeupe ipo katika nyua nyingi za mji wetu, na kile tuonacho kama ua ni majani membamba yenye rangi, ndiyo maana huhifadhi sura yake hata yakikauka. Hiyo itumbukize yote majini kwa saa moja baada ya kuikata, kisha ukung'ute. Nayo pia ina miiba. Asumini hunukia vizuri, lakini huchoka upesi, kwa hiyo iongezwe mwisho kabisa.

Yale maua makubwa ya njano yajazayo kando za barabara na mipaka ya mashamba, ambayo wengine huyaita alizeti mwitu na Waluhya huyaita maua amalulu, yaani machungu, ni makubwa mno kwa kichwa cha mtoto. Yatunzeni kwa shada la kaburini au kwa mapambo ya lango. Na kila ua likung'uteni kabla ya kulitia kazini, nyuki asije akaingia kanisani pamoja na maharusi.

Ua la mtu lina mwenyewe. Omba kabla ya kukata. Sijapata kumwona mtu wa Busia aliyenyimwa maua ya mtoto, lakini nimewaona watu wakigombana kwa sababu ya maua yaliyochumwa gizani.

Maua ya kuepuka

Si kila lipendezalo macho lafaa kichwani. Manyara hutoa utomvu mweupe ambao ukiingia machoni waweza kumpofusha mtoto. Mnanaha, wenye maua meupe kama tarumbeta, ni sumu. Oleanda nayo ni sumu tangu jani hadi ua, na watoto wana tabia ya kutia vidole mdomoni. Lantana, kile kichaka cha maua madogo yenye rangi mbili tatu, hudhuru mifugo, kwa hiyo hata mabaki yake yasitupwe mahali pa mbuzi. Baada ya kazi nawa mikono kwa sabuni.

Kusuka

Sasa keti, uweke kiini mapajani. Tengeneza vifungu vidogo: ua moja kubwa kidogo, madogo mawili, na jani moja nyuma yake. Urefu wa kila kifungu uwe kama kidole cha kati. Funga kila kimoja kwa uzi. Vifungu kumi na saba au kumi na vinane vyatosha.

Anzia kwenye kitanzi cha kushoto. Laza kifungu cha kwanza juu ya kiini, maua yakielekea kushoto, uzungushe uzi mara tatu na kuukaza. Usiukate uzi. Weka kifungu cha pili hivi kwamba maua yake yafunike mashina ya kile cha kwanza, uzungushe tena. Endelea hivyo, vyote vikielekea upande mmoja, kama vigae vya paa vinavyolaliana. Ukibadilisha upande katikati, mashina yataonekana na taji litakuwa na kidonda. Ufikapo mwisho, funga fundo mara mbili, mashina yaliyobaki uyakate, kisha pitisha vidole vyako kwa ndani polepole. Kila kinachokuchoma wewe kitamchoma mtoto. Mwisho pitisha utepe katika vitanzi na ulifunge nyuma ya kichwa.

Ikiwa umelisuka jioni, linyunyizie maji kidogo, ulifunge ndani ya jani bichi la mgomba, uliweke kando ya mtungi mpaka asubuhi.

Kwa askari arudiye nyumbani

Kwa wale wanaomngoja askari arudi, koja husukwa vivyo hivyo, ila kiini kiwe na urefu wa mita moja hivi na kiwe laini. Lakini nawasihi akina mama: askari aliye kwenye gwaride asivishwe kitu. Sare ina taratibu zake, na furaha yako isimtie mumeo mashakani mbele ya mkubwa wake. Ngoja watawanyike, avue kofia, kisha umvishe mbele ya watoto wake. Hakuna mkubwa atakayelalamika.

Na kwa zile nyumba ambazo siku nyingine hupokea habari nzito, shada la kaburi halihitaji duka. Kiini chake kiwe duara nene la majani makavu ya mgomba yaliyofungwa imara, upana wa ungo mdogo, na hapo ndipo alizeti mwitu hupata kazi yake. Wanawake watano wanaosuka pamoja usiku mmoja huwa wamemsaidia mfiwa kwa namna mbili, kwa maana mikono ya mjane nayo hupata la kufanya.

Siku yenyewe

Yule jirani yangu tulikaa naye barazani jioni ya Jumamosi, binti akiwa katikati yetu akitupa vifungu kimoja kimoja. Vitatu alivifunga mwenyewe, vikawa vimelegea, nasi hatukuvifungua. Jumapili aliingia kanisani na bogonvilia nyeupe na waridi changa, majani mabichi yakichungulia. Taji lilidumu mpaka jioni. Wenzake wawili wenye mataji ya duka waliyavua kabla ya misa kwisha, wakawa wanajikuna.

Baba yake alipiga simu usiku ule. Mama mtu alinisimulia kwamba hakuuliza habari za gauni wala chakula. Aliuliza, "Taji alinunuliwa na nani?" Binti akamnyang'anya mama simu, akajibu, "Baba, halikununuliwa. Nimelifunga mimi."

Neno la mwisho. Taji likinyauka, usilitupe jalalani. Kata uzi, utepe uufue na kuutunza, na mengine yote yapeleke shambani, ila mashina yenye miiba uyachome. Na yale mabaki ya alizeti mwitu yafukie katika mashimo ya mahindi au sukumawiki. Watafiti wa kilimo waliofanya kazi magharibi mwa Kenya katika miaka ya 1990 walionyesha kwamba majani yake mabichi ni mbolea njema: yakikaushwa na kupimwa, karibu asilimia 3.5 ya uzito wake ni naitrojeni, na asilimia 4 hivi ni potasiamu. Ua lililomheshimu marehemu Jumamosi laweza kuilisha nyumba yake msimu ujao.

Hadi juma lijalo, wasomaji wapenzi, nawatakia amani majumbani na kambini. Kwaherini.