SHADA LA MAUA HALILIPI DENI LA MWALIMU



Mwalimu mstaafu akifa katika nchi hii ya Kenya, wakubwa huja. Huja na motokaa na shada la maua, na kila mmoja husema maneno yale yale: Mzee aliishi miaka mingi, alifundisha wengi, alipenda jamaa yake. Sina ugomvi na maneno hayo, maana ni ya kweli. Ugomvi wangu ni kwamba husemwa ili mengine yasisemwe.

Wengine wetu katika tawi hili tulifundishwa na Mwalimu wa namna hiyo, na juzi tumemzika akiwa amepita miaka 80. Alishika chaki mwaka 1963, akaiweka chini mwaka 1998 kwa umri wa miaka 55, kama ilivyokuwa sheria siku hizo. Alikuwa mkali. Mtoto akija na miguu michafu alirudishwa mtoni. Lakini jioni ungemkuta akikamua ng'ombe pamoja na mkewe, na usiku taa ya mafuta iko mezani, watoto wake sita na wawili wa marehemu ndugu yake wanasoma, naye yuko katikati yao akisahihisha madaftari yetu. Hakunywa pombe. Mshahara ukija, Mama aliuona kwanza. (Sisi watu wa reli tunyamaze hapo, maana wako wake wasiojua hata tarehe tunayolipwa.)

Sasa mkubwa mmoja akasimama kaburini akasema Mzee alikuwa na bahati, kwa kuwa watoto wake walimtunza vizuri mpaka mwisho. Watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga. Mtu aliyefanya kazi miaka 35 bila kukosa, kwa nini atunzwe kama yatima? Kijana wake wa tatu aliacha kujenga nyumba yake ili amnunulie baba dawa za presha. Hiyo si bahati. Hilo ni deni la mwajiri lililobebwa na watoto, halafu mdeni anakuja kulisifu.

Vijana wengi hawaijui habari hii, basi nitaieleza. Mwezi wa Oktoba mwaka 1997 walimu wa nchi nzima waligoma, chama chao K.N.U.T. kikiongozwa na Bwana Ambrose Adongo. Uchaguzi mkuu ulikuwa karibu, Desemba ile ile. Serikali ikakubali kuongeza mishahara kwa asilimia 150 hadi 200, nyongeza hiyo ilipwe kwa mafungu katika miaka 5. Fungu la kwanza likalipwa. Uchaguzi ukapita. Mwaka 1998 serikali ikasema haina fedha, walimu wakagoma tena, wakarudi madarasani mikono mitupu.

Aliyekuwa bado kazini aliweza kungoja siku nyingine. Lakini yule aliyestaafu katikati ya mambo hayo aliumia kwa maisha yake yote, na sababu iko katika hesabu. Kwa sheria ile ya pensheni, huchukuliwa miezi aliyofanya kazi mtu, ikagawanywa kwa 480, kisha ikazidishwa na mshahara wake wa mwisho. Miaka 35 ni miezi 420. Kwa hiyo mtu wa miaka 35 hupata sehemu saba katika nane za mshahara wa mwisho. Tuseme, kwa mfano tu, mshahara ulipaswa kufika shilingi 20,000 lakini ukaachwa kwenye 12,000. Badala ya 17,500 kwa mwezi mzee atapata 10,500. (Naiacha ile robo inayoweza kutolewa kwa mkupuo mtu anapoondoka.) Shilingi 7,000 zimepotea kila mwezi. Akiishi miaka 25, ni shilingi 2,100,000. Ndiyo maana nasema maisha marefu wanayoyasifu kaburini ndiyo yaliyoongeza deni.

Walimu wastaafu walikwenda mahakamani. Mwaka 2008 Mahakama Kuu ya Nakuru ikaamua kwamba wana haki, nao walikuwa zaidi ya 50,000. Ikakatwa rufani, miaka ikaenda, na wazee wakaendelea kuzikwa mmoja mmoja na hukumu yao mfukoni. Mwalimu wetu alikwenda katika ofisi moja mjini mara nyingi kwa nauli ya kukopa, akiambiwa leo faili halionekani, kesho mwenye ufunguo hayupo.

Wako wanachama watakaosema: hayo ni ya walimu, sisi ni wa reli. Ndugu, waulizeni wazee wetu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, na Reli ya Afrika Mashariki ikavunjika pamoja nayo, ilipita miaka 7 kabla nchi tatu hazijatia sahihi mapatano ya kugawana mali na madeni, pensheni za watu zikiwa humo. Mapatano yale ni ya mwaka 1984. Aliyeshika jembe la makaa na aliyeshika chaki walingoja katika foleni ya namna moja.

Kwa hiyo naomba jambo hili liingie katika mkutano wa tawi. Tukialikwa kusema katika mazishi ya mstaafu yeyote, msemaji wetu aulize mbele ya hao wenye mashada: marehemu alikuwa akidai kiasi gani, na faili lake liko kwa nani? Na kila mwanachama aliyebakiza miaka mitano kustaafu alete hati zake za mshahara zikaguliwe sasa, wakati bado ana nguvu ya kupanda ngazi za ofisi. Mama Mwalimu anazo karatasi zote za mumewe katika mkebe wa biskuti. Katibu wa tawi aende kwake Jumamosi hii, azisome, amwandikie barua ya madai. Nauli na stempu zitoke katika mfuko wetu.