Mkono Uachie Mti

Wazazi ambao mabinti zao wajifunza dansi ya baleti huniuliza: kwa nini mtoto asimamaye imara kwa ncha za vidole akiwa ameshika ule mti uliopigiliwa ukutani, huyumba pindi aitwapo katikati ya ukumbi? Jawabu langu ni kwamba pale ukutani hakuwa amesimama. Alikuwa ametundikwa.

Mti huo uliwekwa ili mwili upate moto na miguu ijue njia zake. Mtoto aukamataye kama abiria wa matatu, bega lake hupanda, nyonga huegemea upande mmoja, na kifundo cha mguu hukaa bure. Ni sawa na ajifunzaye kuogelea huku ameikumbatia ngalawa.

Tazameni mchezo wa “Mrembo Aliyelala”, alioutunga Marius Petipa kwa muziki wa Tchaikovsky, ukaonyeshwa mara ya kwanza St Petersburg, Urusi, mwaka 1890. Humo binti mfalme Aurora husimama kwa ncha ya mguu mmoja, wa pili ameuinua nyuma, na wachumba wanne humpa mkono mmoja baada ya mwingine. Watu huitazama ile mikono. Mimi nasema kazi yote iko baina ya mkono na mkono, pale anapouachia mmoja na kuinua wake juu ya kichwa, naye yu peke yake. Akimng'ang'ania mchumba wa kwanza, wa nne atamkuta keshaanguka.

Uthabiti huo hujengwa kabla ya kiatu cha ncha. Mtoto avae viatu laini, ainue visigino, miguu miwili kwanza, kisha mmoja. Mkono upunguzwe hadi vidole viwili, halafu uelee juu ya mti bila kuugusa. Siku nyingine afumbe macho, maana macho huuficha uvivu wa kifundo. Na ashuke polepole kama alivyopanda; hili ndilo wengi hulipuuza. Waalimu waangalifu hawampi mtoto kiatu hicho kabla ya miaka 11 au 12 hivi, na hata hapo hupima nguvu za kifundo na mgongo kwanza, kwani mifupa ya mguu ingali yakua.

Huko Kibera, Nairobi, watoto wamefundishwa baleti ndani ya chumba cha darasa, madawati yakisukumwa kando, hakuna cha kushika ila hewa. Sisifu ufukara, nisieleweke vibaya. Sakafu ngumu huumiza magoti. Lakini kinachonitia wasiwasi zaidi ni mzazi mwenye uwezo anayenunua viatu vya ncha kama zawadi, akampiga mtoto picha kabla mwalimu hajaulizwa. Bwana wee, bibi wee, nendeni kwanza mkamwone mwanenu akisimama kwa mguu mmoja, kisigino juu, mbali na ukuta. Habari ya kiatu mzungumze na mwalimu baadaye.