Mashudu ya Mpanda na Mitetea Wetu

Mkulima wa Mpanda avunapo alizeti yake na kuipeleka mashineni, hurejea nyumbani na dumu la mafuta. Mashudu, yaani makapi yabakiayo baada ya mbegu kukamuliwa, aghalabu humbakia mwenye mashine, naye huyauza kwa mwenye lori. Magunia hayo huondoka mkoani Katavi, na mengine huondoka nchini kabisa, maana Tanzania imekuwa ikiuza mashudu ya alizeti nje, India ikiwa miongoni mwa wanunuzi. Wakati huohuo mfugaji wa kuku katika mji huohuo wa Mpanda hununua mfuko wa chakula uliotoka mbali, na bei yake imebeba nauli ya safari nzima.

Msomaji wa Unguja au Pemba ataweza kuuliza, je, haya yatuhusu nini sisi? Yatuhusu sana. Sehemu kubwa ya mahindi na pumba tunazowalisha kuku wetu huvuka bahari kutoka Bara, na kila kipandacho bei huko hupanda mara mbili hapa. Isitoshe, sisi wenyewe tuna mashudu ya nazi, ambayo tunayatazama kwa jicho lilelile la dharau.

Kasoro kubwa iko katika umri mmoja wa kuku, nao ndio umri usiosemwa. Kifaranga wa kutaga huhitaji chakula chenye protini ya kiasi cha asilimia 20, na kuku atagaye huhitaji asilimia 16 hadi 18 pamoja na chokaa nyingi. Kati yao yuko mtetea, kuku wa kuanzia wiki ya 8 hadi ya 18. Yeye asilimia 15 au 16 humtosha. Katika wiki hizo 10 atakula kilo 4 hadi 5, asitoe hata yai moja. Hapo ndipo mfuko wa mfugaji mdogo hutoboka. Akina mama wangapi wameuza mitetea wa miezi minne kwa bei ya kitoweo, wiki chache tu kabla ya yai la kwanza, kwa kuwa fedha ya chakula imekwisha! Hasara hiyo haiandikwi katika taarifa yoyote ya wilaya.

Madhali mtetea hahitaji kukimbizwa kukua, na firigisi lake limekwisha komaa, yeye ndiye awezaye kufaidi mashudu ya alizeti kuliko kuku wa umri mwingine. Mashudu yaliyokamuliwa pamoja na maganda, kama yatokavyo katika mashine nyingi ndogo, yana nyuzinyuzi nyingi, na protini yake ni kama robo ya uzito. Kifaranga mchanga yatamlemea. Mtetea atayamudu hadi kiasi cha sehemu moja katika tano za chakula chake. Kwa mitetea 100, hayo ni kilo 80 hadi 100 za mashudu kwa muda wote wa kukua, yaani magunia machache tu. Upungufu wake ni laisini, moja ya vijenzi vya protini, nayo hupatikana katika dagaa. Na dagaa wa Ziwa Tanganyika hutua Karema na Ikola, katika mkoa huohuo. Pumba na mahindi yaliyoparazwa viko. Kinachobaki kununuliwa kutoka mbali ni virutubisho vya madini na vitamini, ambavyo huwekwa kwa gramu.

Lakini hatusemi kila mashudu yafaa. Mashudu ya pamba yana sumu iitwayo gosipoli. Kuku atagaye akiyala kwa wingi kiini cha yai hugeuka rangi ya kijani iliyofifia, na mnunuzi hulirudisha. Mashudu ya karanga ni hatari zaidi yakiota ukungu. Mwaka 1960 bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa Uingereza, na uchunguzi wa vifo hivyo, uliofikia mashudu ya karanga waliyolishwa, ndio ulioifichua sumukuvu kwa wataalamu. (Serikali ya nchi hiyohiyo ilikuwa imekuja kwetu miaka ya 1947 hadi 1951 kulima karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea, ikaondoka na hasara.) Hata ya alizeti hayakai milele, kwani mafuta yaliyosalia ndani huchacha. Gunia lililowekwa sakafuni wakati wa masika halina thamani tena.

Basi kikwazo si mashudu kukosekana. Kikwazo ni kwamba mfugaji hajui gunia alinunualo lina nini. Gunia la mashine hii lina maganda tele, la mashine ile limechujwa, bei ni moja. Sheria ya Maeneo ya Malisho na Rasilimali za Vyakula vya Mifugo ya mwaka 2010 ipo. Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kipo, na Wakala wa Maabara ya Veterinari upo. Tunawaomba viongozi wa Katavi, na wenzao wa Visiwani kwa mashudu ya nazi, wachukue sampuli mashine kwa mashine, zipimwe protini, nyuzinyuzi na sumukuvu, kisha majibu yabandikwe palepale mlangoni kwa Kiswahili. Afisa Mifugo wa kata naye awe na mizani, apime uzito wa mitetea kila baada ya wiki mbili, kwa sababu mtetea aliyekosa uzito katika wiki ya 16 atachelewa kutaga, na hapo nafuu yote ya mashudu itakuwa imeliwa.

Wenye mashine nao wakubali kutenga magunia kwa ajili ya vikundi vya wafugaji kabla lori halijafika. Alizeti ya Katavi huvunwa kuanzia mwezi Mei. Sampuli za kwanza zaweza kuchukuliwa siku mashine zitakapoanza kunguruma.