Mchango Si Kodi: Jibu kwa Mgombea wa Halmashauri ya Shule

Katika msimu huu wa kuchagua wawakilishi wa wazazi kwenye halmashauri za shule, yuko mgombea mmoja hapa kwetu Katwe ambaye maneno yake yameenea kuanzia sokoni hadi kwenye vidimbwi vya chumvi. Sitamtaja kwa jina, wala sitaitaja shule anayotaka kuisimamia, kwa kuwa ugomvi wangu si naye bali na fikra zake, na fikra hizo hazikuanza naye. Ninyi wanafunzi wangu hunilalamikia kila mara kwamba vitabu vya lugha vimejaa mazungumzo ya dukani na barua za kuomba kazi, lakini havina hoja za kubishana. Basi leo tubishane.

Tuanze na cheo chenyewe, maana wengi hukipigia kura bila kukijua. Sheria ya Elimu ya mwaka 2008 inataka shule ya msingi ya serikali iwe na halmashauri ya usimamizi, na shule ya sekondari iwe na bodi ya magavana. Katika halmashauri ya shule ya msingi, sehemu kubwa ya viti, pamoja na kiti cha mwenyekiti, hutolewa kwa chombo kilichoiasisi shule, ambacho aghalabu ni kanisa au jumuiya ya Waislamu. Serikali za mitaa zina watu wao, walimu wana mtu wao, na wanafunzi wa zamani wana mtu wao. Wazazi huchagua wawakilishi wawili tu, katika mkutano wao mkuu wa mwaka. Wawili! Kwa hiyo mtu anayeingia kwa kura ya wazazi kisha akasema kwa sauti ya mwenye shule, amewaondolea wazazi nusu nzima ya uwakilishi wao.

Huyu mgombea wetu anasema nini? Anasema kwamba mtoto ambaye mzazi wake hajalipa mchango wa maendeleo na wa chakula arudishwe nyumbani, hadi mzazi atakapotambua uzito wa jambo. Husema hivyo kwa utulivu, kama mtu anayeeleza ratiba ya basi, na wasikilizaji wengi hutikisa kichwa kukubali.

Mimi ni mwalimu wa lugha, kwa hiyo niruhusuni nianze na neno. Mchango hutokana na kitenzi kuchanga. Watu huchanga kila mmoja kwa kadiri ya uwezo wake ili jambo moja lifanikiwe. Katika matanga, jirani asiye na shilingi huja na mikono yake: huchota maji, hupasua kuni, huchimba kaburi, na hakuna anayesimama mlangoni kumzuia. Kitenzi kinachofaa maneno ya mgombea si kuchanga, ni kutoza. Hutozwa kodi, hutozwa ushuru, hutozwa faini. Na anayeshindwa kutoa alichotozwa ndiye huadhibiwa. Ukimwadhibu mtoto kwa sababu baba yake hakutoa, basi ulichoomba hakikuwa mchango hata siku moja, na hati ya risiti haiwezi kulibadilisha neno.

Sheria nayo inajua tofauti hiyo. Inakataza mtu yeyote au chombo chochote kutoza malipo kwa ajili ya elimu katika shule zinazotekeleza mpango wa Elimu ya Msingi kwa Wote. Inaacha nafasi ya michango ya hiari, na hiari, wanafunzi wangu, ni kinyume cha lazima katika kila kamusi niliyowahi kufungua. Ni kweli, na ni haki nikiri kwa niaba ya mgombea, kwamba sheria hiyohiyo inamwachia mzazi jukumu la kumlisha na kumvisha mtoto wake. Lakini jukumu la mzazi ni jambo moja, na kumfungia mtoto lango ni jambo jingine.

Sasa niipokee hoja yake iliyo bora kuliko zote, maana si haki kupigana na kivuli. Anasema fedha za serikali hazitoshi. Hapo amesema kweli tupu. Ruzuku inayotolewa kwa kila mtoto wa shule ya msingi ilikuwa kwa miaka mingi karibu shilingi 10,000 kwa mwaka, na hata baada ya kupandishwa imesimama karibu 20,000. Gawanya kwa mihula mitatu: hazifiki 7,000 kwa muhula. Kwa fedha hizo mwalimu mkuu anatarajiwa anunue chaki, agharimie mitihani, akarabati madawati na kuendesha ofisi. Mtu anayesema zinatosha hajawahi kununua hata boksi la chaki.

Ila tazama mgombea anavyotoka kwenye ukweli huo na kufika anakotaka kufika. Kama serikali inatoa kidogo, anayedaiwa ni serikali. Mtoto hakuandika bajeti. Kumrudisha yeye nyumbani hakuongezi hata senti moja katika ruzuku ya shule, na wala hakumpi baba yake fedha ambazo hakuwa nazo jana.

Na hapa Katwe, nyumbani ni wapi? Swali hili ndilo linaloniudhi zaidi, kwa sababu mgombea ni mtu wa hapa, anajua. Mtoto wa Kampala akirudishwa nyumbani huenda akakaa barazani akisubiri. Mtoto wa Katwe hateremki kwenda kusubiri, huteremka ziwani. Kiangazi cha Juni hadi Agosti huangukia sehemu kubwa ya muhula wa pili, na kiangazi ndicho msimu wa chumvi: maji hukauka, chumvi huganda, wenye vidimbwi hutafuta mikono. Maji yale makali hukwangua ngozi, hutia vidonda, na jua linalorudishwa na weupe wa chumvi huumiza macho. Mtoto wa miaka kumi na miwili aliyefukuzwa Jumatatu huwa na noti mfukoni ifikapo Ijumaa. Hiyo noti ndiyo adui mkubwa wa shule. Wiki ijayo mzazi anaweza kupata fedha za mchango, lakini mtoto keshaonja mshahara, na daftari halilipi mshahara.

Nchi hii iliwahi kulifanyia jambo hili majaribio kwa kiwango ambacho hakuna halmashauri inayoweza kukifikia. Mwaka 1996 shule za msingi za Uganda zilikuwa na watoto kama milioni 3.1. Januari 1997 ada ilipoondolewa, kwanza kwa watoto wanne wa kila familia, idadi ilipanda kufikia kama milioni 5.3 ndani ya mwaka mmoja. Wale zaidi ya milioni mbili hawakuzaliwa mwaka ule. Walikuwapo, wakichunga, wakivua, wakilea wadogo zao, wakikusanya chumvi, na kilichowatenga na darasa kilikuwa fedha. Matatizo yaliyofuata yanajulikana: madarasa yalifurika, walimu walikuwa wachache, watoto wengi waliacha shule kabla ya darasa la saba. Lakini anayetaka kurudisha malipo kwa mlango wa nyuma anapaswa atueleze watoto wetu watakwenda wapi, na asituambie nyumbani.

Chakula, atauliza, kitatoka wapi? Swali zuri. Kule milimani upande wa Bwera shule inaweza kuwaomba wazazi mahindi na maharagwe baada ya mavuno, na mzazi asiye na fedha akawa na debe la kutoa. Katwe hatuna njia hiyo, kwa sababu mji wetu uko ndani ya Hifadhi ya Malkia Elizabeth na kilimo hakiruhusiwi. Tunanunua kila punje. Lakini tunayo chumvi, na Baraza la Mji wa Katwe-Kabatoro hukusanya ushuru juu yake. Mwakilishi wa wazazi mwenye bidii angekwenda kwenye baraza hilo na ombi lililoandikwa: sehemu fulani ya ushuru wa chumvi, iliyotajwa kwa tarakimu, iende kwenye uji wa watoto wanaoishi kando ya chumvi hiyo. Huenda atakataliwa. Hata hivyo angekuwa amemdai mwenye nacho kabla ya kumfukuza asiye nacho. Mgombea wetu hajalitaja baraza hata mara moja.

Anachokitaja mara nyingi ni ghorofa. Anataka jengo la ghorofa lenye rangi, litakaloonekana kutoka barabarani. Sina chuki na majengo. Namwomba tu, siku moja jioni, atembee hadi kwenye kile kiwanda cha chumvi kilichojengwa na Wajerumani katika miaka ya 1970 kando ya ziwa letu. Kilikuwa kikubwa, kilikuwa cha kisasa, na kiliharibika karibu mara tu baada ya kukamilika, kwa sababu mabomba yake yaliliwa na maji yaleyale yaliyokusudiwa kupita ndani yake. Mitambo imesimama hadi leo ikioza, na chumvi bado inachotwa kwa mikono. Mji uliojifunza somo hilo kwa gharama kubwa namna ile haupaswi kushangilia ghorofa kabla ya kuuliza ni nani atakayefundisha ndani yake.

Kuhusu hesabu za fedha, mgombea anaona kwamba zijadiliwe ndani ya halmashauri peke yake, kwa kuwa wazazi wengi, kwa maoni yake, hawasomi mambo ya fedha. Mtu anayehesabu mafungu ya samaki alfajiri na mifuko ya chumvi jioni, bila daftari, hasomi mambo ya fedha! Uchunguzi uliofanywa na Benki ya Dunia katika shule 250 za Uganda ulionyesha kwamba kati ya mwaka 1991 na 1995, shule zilipata kwa wastani asilimia 13 tu ya ruzuku iliyotolewa na serikali kuu kwa ajili ya mahitaji yasiyo ya mishahara. Sehemu kubwa iliyobaki ilipotelea njiani, wilayani. Serikali ikaanza kuchapisha magazetini kiasi kilichotumwa kwa kila wilaya, na shule zikatakiwa kubandika ukutani kiasi zilichopokea. Baada ya miaka michache, sehemu iliyofika shuleni ilikuwa imevuka asilimia 80. Wataalamu wanabishana ni kiasi gani cha mafanikio hayo kilitokana na magazeti na kiasi gani na mageuzi mengine. Sijapata kusikia mtaalamu aliyedai kwamba fedha zilifika kwa sababu zilifichwa. Karatasi moja ukutani, kwa Lukonzo, kwa Kiingereza, na kwa Kiswahili ikiwezekana: gharama yake ni gundi.

Nimetaja Kiswahili, na mgombea pia amekitaja. Anakiona ni lugha ya wanajeshi na ya majambazi, inayokula saa ambazo zingetumika kwa hisabati. Masikio yenu yamezoea maneno haya, kwa hiyo sitakawia. Uganda imeyasikia tangu Gavana Gowers alipopendekeza Kiswahili katika miaka ya 1920 na Kabaka Daudi Chwa akakipinga. Lakini tangu marekebisho ya mwaka 2005, Katiba inakitambua kuwa lugha rasmi ya pili, mtaala wa sekondari ulioanza mwaka 2020 umekiweka miongoni mwa masomo ya lazima katika kidato cha kwanza na cha pili, na Baraza la Mawaziri liliamua mwaka 2022 kifundishwe kwa lazima tangu shule za msingi. Mwanahalmashauri hana mamlaka ya kufuta uamuzi huo. Anaweza kupinga, ni haki yake, lakini aseme hivyo, asijifanye anaitetea hisabati. Halafu avuke Mpondwe siku ya soko, aende Kasindi, ajaribu kuuza samaki kwa Kiingereza.

Limebaki jambo ambalo ningependa nisilizungumze, na ambalo mgombea alilipita kwa sentensi moja alipoulizwa: usalama ni kazi ya jeshi. Usiku wa tarehe 16 Juni 2023, waasi wa ADF waliishambulia Shule ya Sekondari ya Lhubiriha, pale Mpondwe. Wanafunzi 37 waliuawa. Baadhi ya miili iliungua kiasi kwamba ilihitaji vipimo vya vinasaba ili itambuliwe. Ndiyo, kupambana na waasi ni kazi ya jeshi. Lakini kujua ni watoto wangapi wamelala bwenini usiku huu na kwa majina gani, bweni lina milango mingapi na nani ana funguo, mlinzi yuko macho au hayuko, na amepewa namba ya nani ya kupiga, hiyo si kazi ya jeshi. Ni kazi ya watu wanaokaa mezani wanaoitwa halmashauri au bodi. Katika wilaya ya Kasese, mgombea asiye na jibu la maswali hayo hajajiandaa kugombea.

Baadhi yenu mmeniuliza mfanye nini, kwa kuwa hamna kura. Wazazi wenu wanazo, na wengi wao hawajui siku ya mkutano. Nimeambiwa umepangwa saa nne asubuhi, siku ya kazi, katikati ya msimu wa chumvi, saa ambayo akina mama wako vidimbwini na akina baba wametoka ziwani wakiuza samaki. Watakaohudhuria ni wale wenye nafasi, na wenye nafasi ndio wanaompenda mgombea wetu. Uongozi wa shule unaweza kuombwa uuhamishie Jumapili alasiri, baada ya ibada. Ombi linahitaji majina ya wazazi na sahihi zao, na asiyeweza kuandika aweke dole gumba. Mkiliandika kwa Kiswahili, nileteeni nilisahihishe kabla ya Ijumaa.