Fedha ya Laurion, Chumvi ya Katwe

Historia ya Athens, mji wa kale wa Ugiriki, husimuliwa zaidi kwa mahekalu na wanafalsafa wake, ilhali nguvu zake baharini zilitoka chini ya ardhi, katika machimbo ya Laurion, ambako watumwa walichimba fedha, yaani madini yenyewe na si pesa. Mnamo 483 KK mwanasiasa Themistocles aliwashawishi raia wasigawane mapato ya mwamba mpya bali wajenge merikebu za vita, na miaka mitatu baadaye merikebu hizo ziliwashinda Waajemi huko Salamis.

Makala haya yanashikilia kwamba Katwe, mji mdogo wa wilaya ya Kasese, Uganda, ulio kando ya ziwa la chumvi lililotuama ndani ya kreta, yaani shimo lililoachwa na mlipuko wa volkeno, unastahili kusomwa kwa jicho hilohilo. Kwa kuwa hauna hekalu wala ukuta, wanahistoria wengi huupita haraka, na hilo ni kosa kubwa. Kabla reli haijafika Kasese mwaka 1956, na kabla mji jirani wa Hima haujajulikana kwa saruji, chumvi ya Katwe ilivushwa kwa mitumbwi katika Ziwa Edward na kubebwa kwa miguu hadi falme za Toro na Ankole. Kabalega, mfalme wa Bunyoro, aliweka hapo askari wake, abarusura. Mvumbuzi Stanley alipofika mwaka 1889 askari hao walikuwa wameondoka, na mwaka 1891 Lugard, afisa Mwingereza, akajenga ngome papo hapo, Fort George, kwa sababu aliyeishika chumvi aliishika biashara ya nchi nzima ile.

Nyaraka za mji huu ni vidimbwi vyake. Kila kidimbwi, kilichotengwa na jirani yake kwa kingo za matope na vijiti, kina mwenyewe, na aghalabu hurithiwa ndani ya ukoo, hivyo mpangilio wa kingo hizo ni daftari la nani alimwachia nani. Jua likiwaka siku nyingi mfululizo, maji mazito hufanya utando mweupe, na wanawake huukusanya kwa mikono. Mvua moja ikinyesha kabla ya hapo, utando huyeyuka na kazi huanza upya.